Hirola si nyamera, bana

Kwenye gemu za mezani za vijisanamu, aina iliyoandikwa kwenye kadi ya kiumbe ndiyo huamua sheria zinazomhusu. Sasa cheki hirola wetu wa Garissa. Kuna wataalamu waliomtia jenasi moja na nyamera, Damaliscus. Wengine ati ni nyamera tu wa namna yake. Vipimo vya DNA vikaunga mkono jenasi ya Beatragus, na humo yuko peke yake. Unaona tofauti? Angekuwa nyamera, hata wakiisha hapa, ungewaona wenzao Maasai Mara. Lakini huyu akiisha, jenasi nzima imeenda. Na wanakadiriwa kuwa chini ya 500! Ukimwita "swara fulani", nani atatoa pesa ya kutunza uzio wa Ishaqbini, kule Ijara?