Nani Alikwambia Mlima Lazima Utoke Ng'ambo?

Wasee, kuna kitu imenikaa rohoni wiki tatu sasa, wacha niiseme tu. Mkitaka kunitukana, kuna nafasi huko chini.

Jumamosi moja tulikuwa Kondele, mezani petu pa kawaida, dadu zinarushwa, vijisanamu vimepangwa. Akaingia kijana wa Form Three na gunia. Ndani alikuwa amebeba Kit Mikayi. Ndiyo, ile ile ya barabara ya Bondo, mawe yamebebana mgongoni, ila hii aliichonga kwa ile stairofomu nyeupe inayokuja na TV ndani ya boksi. Hata michirizi myeusi ya mvua kwenye mawe alikuwa ameiweka.

Msee mmoja wetu akauliza, "Omera, hii umeokota jalalani?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kijana akairudisha Kit Mikayi kwa gunia, akasema ametumwa sokoni, akaenda. Hajarudi mpaka leo.

Sasa nauliza: tulikuwa tunalinda nini?

Maana mnasema "mchezo halisi" unataka milima na majengo ya kununua, yatoke Uingereza, yalipiwe usafiri, yalipiwe ushuru. Mtu anatumia doo ya miezi kununua ukuta wa plastiki uliobomoka! Kuta zilizobomoka ziko bure huku.

Na hamjui hata historia ya kitu mnacholinda. H.G. Wells alitoa kitabu cha mchezo huu, Little Wars, mwaka 1913. Uwanja wake ulikuwa sakafu ya nyumba, matofali ya mbao ya kuchezea na matawi ya bustanini. Games Workshop, hao wa Warhammer mnaowaabudu, walianza 1975. Miaka ya 1980 jarida lao wenyewe, White Dwarf, lilifundisha wasomaji kutengeneza kifaru kwa kopo la diodoranti. Kopo la diodoranti, jamani! Halafu wewe wa Kondele unamcheka mtu kwa sababu ya boksi la TV?

Ubaya mwingine ni huu. Ukinunua mlima wa ng'ambo, unanunua pia nchi ya ng'ambo. Meza zetu zimejaa magofu ya makanisa ya Ulaya, kana kwamba huku hakujawahi kutokea kitu. Juni 1915, wanajeshi wa Waingereza walipanda meli hapa hapa Kisumu, wakavuka ziwa kwenda kushambulia Bukoba, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na wakaharibu kituo cha redio. Hiyo vita ina ufuo, ina vilima, ina migomba. Nani atakuuzia hiyo kwa boksi? Hakuna. Lazima uichonge.

Na kuchonga si uchawi. Omba stairofomu kwa maduka ya vyombo vya umeme, wanaitupa kila siku. Kata kwa kisu cha wembe kipya, kikiwa butu kinang'oa punje. Kunja foili iwe mpira, gandamiza juu, upate sura ya jiwe. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mwagia mchanga, acha ikauke usiku mzima. Kisha rangi ya maji: nyeusi kwanza, halafu kijivu, halafu nyeupe kidogo kwa brashi karibu kavu. Vumbi la mbao kutoka kwa fundi, ukilipaka kijani, ni nyasi.

Rangi ya kupuliza usiiguse kabla hujafunika kila mahali kwa gundi. Inayeyusha stairofomu kama sukari kwa chai. Daraja langu la kwanza lilikufa hivyo nikiliangalia. Na ukikata kwa waya wa moto, kaa nje au fungua madirisha, ule moshi si wa kuvuta.

Najua mwenye atasema, "Lakini hiyo ni takataka inayochafua ziwa." Kweli kabisa. Kilima kimoja hakitaokoa Nam Lolwe, sitawadanganya. Hata Flipflopi, lile jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyotumika, lilipozunguka ziwa mwaka 2021 halikuja kulisafisha, lilikuja kutufungua macho. Kwa hivyo fagia punje zako zote, usikatie Dunga upepo ukivuma. Lakini kati ya boksi lililo mezani kwangu na boksi lililo mtaroni likingoja mvua, najua la kuchagua.

Shida yetu haijawahi kuwa stairofomu. Shida ni aibu. Tulipokuwa watoto tulitengeneza magari ya waya na ng'ombe wa udongo, hakuna aliyeuliza risiti. Tulipokua tukajifunza kwamba kitu cha mkono ni cha maskini. Huo ndio ujinga kijana alikutana nao mlangoni kwetu, na mimi nilikuwa ndani nikicheka nao.

Kijana, kama unasoma hii: nisamehe. Kiti chako kiko, njoo na Kit Mikayi, itakaa katikati ya meza.

Na nyinyi wengine: Jumamosi hii, kabla ya kucheka kazi ya mtu, weka mezani kitu kimoja ulichotengeneza kwa mikono yako. Huna? Basi rusha dadu, nyamaza.