Brashi za kompyuta: mtoto anaweza kuzitengeneza mwenyewe



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa kikundi cha likelemba. Anatuuliza hivi: «Binti yangu ana miaka 16. Anachora katuni kwenye kompyuta ya mjomba wake. Sasa ananiomba dola 10 anunue brashi. Nilimwambia aniletee hiyo brashi niione. Akanijibu kwamba haishikiki, iko ndani ya kompyuta. Walimu, mtoto ananidanganya?»

Mama, binti yako hakudanganyi. Brashi hizo zipo kweli, na watu wengine wanaziuza. Lakini dola 10 zako zibaki kwenye likelemba, maana brashi ya namna hiyo mtoto anaweza kuitengeneza kwa alasiri moja, kwa karatasi, makala ya kusaga na telefone ya kupiga picha. Tunaeleza kwa wote, kwa sababu tunajua swali hili limeingia katika nyumba nyingi.

Brashi isiyoshikika ni kitu gani?

Fikirieni muhuri wa ofisi ya komini. Karani anaugonga mara moja, inabaki alama moja. Akiugonga mara mia, alama zikikaribiana sana, utaona mstari mmoja. Akiacha nafasi kati ya alama na alama, utaona kitu kama shanga kwenye uzi. Brashi ya kompyuta inafanya kazi hiyo hiyo. Ni picha ndogo ambayo programu inaigonga haraka sana kila mahali mkono unapopita. Picha hiyo ikiwa duara, mstari unatoka laini. Ikiwa jani, unatoka mstari wa majani. Basi anayeuza brashi anauza picha ndogo pamoja na maelekezo ya namna ya kuigonga: ukubwa wake, nafasi kati ya alama, na kama inageuka kufuata mkono.

Kwa nini mchoraji wa katuni anazitaka hivyo? Tufanye hesabu. Katuni ni michoro mingi inayopita haraka mbele ya macho. Kwa kawaida sinema inapitisha picha 24 kwa sekunde moja, na wachoraji wengi wanachora 12 tu, kila mchoro ukikaa kwa picha mbili. Sekunde 10 za katuni ni michoro 120. Kama nyuma ya sungura kuna majani 50 na mtoto anayachora upya kila mara, hiyo ni mikwaruzo 6000, na sungura mwenyewe bado. Akiwa na brashi ya majani, anapitisha mkono mara moja na majani yamesimama. Kwa hiyo binti anapoomba brashi, anaomba chombo cha kazi, kama fundi wa kushona anavyoomba mkasi.

Kwa nini ya kwetu ni bora kuliko ya kununua?

Sababu ya kwanza ni franga, nayo mmeielewa. Sababu ya pili ni kwamba brashi za kununua zina miti ya Ulaya, theluji, na mawe ya majumba ya kifalme. Mtoto wa Likasi akizitumia, kichuguu chake kinakuwa jiwe la kigeni, na nyumba ya nyanya yake inapata ukuta ambao hakuna aliyewahi kuuona hapa. Katuni yake inafanana na nyingine elfu.

Hapa Katanga tuna somo la zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1946, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua kiwanda cha uchoraji kilichoitwa Hangar. Hakutaka wanafunzi wake wafuate michoro ya Ulaya. Aliwaambia waangalie mimea, wanyama na watu wa mazingira yao, na kila mmoja atafute njia yake. Bela alipaka rangi kwa vidole vyake. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi mifupi iliyokaribiana, mtu akidhani ni kitambaa kilichofumwa. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, akijaza nafasi kwa alama ndogo ndogo zisizohesabika. Mpaka leo anayezijua kazi zao anaziona kwa mbali na kusema hii ni ya Bela, hii ni ya Mwenze, kabla ya kusoma jina chini yake. Alama ya mkono wao ndiyo iliyowatambulisha.

Katika katuni pia nchi yetu ina baba wa kazi hiyo. Jean-Michel Kibushi alianzisha studio Malembe Maa mjini Kinshasa mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa filamu ya chura anayekwenda kwa wakwe zake, hadithi ya mapokeo ya Watetela. Mwaka uliofuata alitoa filamu nyingine kuhusu uporaji wa Septemba 1991 mjini Kinshasa, akitumia michoro ya watoto. Mkono wa mtoto, kama ulivyo, uliingia kwenye sinema.

Sasa tutengeneze

Programu tunayoifundisha inaitwa Krita. Ni ya bure kwa haki, hakuna wizi ndani yake. Tangu mwaka 2016 ina sehemu ya katuni. Inafanya kazi kwenye kompyuta na kwenye tableti kubwa za Android, ila si kwenye telefone ndogo. Ina lugha ya Kifaransa. Ni nzito, inapita mega 100, kwa hiyo msiruhusu kila mtoto aipakue kwa mega zake. Kikundi kimoja kiipakue mara moja, kisha ipite kwa fulashi kutoka nyumba hadi nyumba. Ikishawekwa, haihitaji tena intaneti.

1. Kupata alama. Saga makala, changanya na maji kidogo mpaka iwe nzito kama uji. Chovya kitu cha nyumbani na ukigonge kwenye karatasi nyeupe safi: jani la sombe, kipande cha mkeka, gunzi la mahindi, ncha ya kidole, uzi wa kushona uliokunjwa. Gonga mara 20 au zaidi. Chagua alama moja iliyotoka vizuri.

2. Kupiga picha. Toka nje, kaa kivulini, jua lisipige karatasi. Shika telefone juu kabisa ya karatasi, isiinamie upande wowote. Kivuli cha mkono kikiingia, rudia.

3. Kusafisha. Ifungue picha ndani ya Krita. Iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Ongeza tofauti ya weusi na weupe mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa. Hapa watoto wengi wanakosea: weupe ukibaki na vumbi la kijivu, brashi itachora mraba mchafu kuzunguka kila alama. Kumbukeni sheria: nyeusi inapaka rangi, nyeupe haipaki. Kata picha iwe mraba, uipunguze. Pikseli 200 hivi kila upande zinatosha kwa kuanza. Picha kubwa mno itaichosha kompyuta ya zamani, mkono utakwenda na mstari utabaki nyuma. Ihifadhi kama PNG.

4. Kuifanya brashi. Chagua kwanza brashi moja rahisi ambayo tayari imo kwenye programu. Bonyeza F5, kisanduku cha kurekebisha brashi kitafunguka. Nenda kwenye ncha ya brashi, sehemu ya ncha zilizo tayari, uingize picha yako. Kisha rekebisha nafasi kati ya alama. Kwa majani, acha nafasi. Kwa mkeka, alama zigusane tu. Kama unataka alama ifuate njia ya mkono, washa mzunguko na uchague ufuate mwelekeo wa kuchora.

5. Kuihifadhi. Ihifadhi kama brashi mpya, uipe jina linaloeleweka: «jani la sombe», si «brashi 1». Asiyefanya hatua hii atapoteza kazi yote. Kwa kuwa umeme wetu haubishi hodi unapoondoka, fanya hatua hii kabla ya kuanza kuchora.

6. Kuigawa. Krita inaweza kufunga brashi nyingi pamoja na picha zake katika fungu moja. Fungu hilo liwekwe kwenye fulashi, na mwenzako aliingize kwenye programu yake kwa sehemu ya kusimamia vifaa. Usimpe mwenzako picha peke yake, maana maelekezo ya kuigonga yatabaki kwako.

Jambo moja la katuni hasa. Brashi yenye alama za kuparuza inapendeza kwenye mchoro mmoja, lakini katika katuni inaweza kusumbua. Ukichora ukuta upya katika kila mchoro, alama hazianguki mahali pale pale, na ukuta utachemka kama una siafu. Dawa yake ni kuchora ukuta na majani mara moja tu, katika tabaka la nyuma, na kuliacha pale. Tabaka la mbele, lenye sungura au mtoto anayetembea, ndilo linalochorwa upya, kwa brashi tulivu. Na kama umewasha mzunguko wa bahati nasibu, uzime kwa vitu vinavyotembea.

Wale wasio na kalamu ya kompyuta wasiogope. Panya haijui kama mkono umekandamiza au umelegea, kwa hiyo mistari yake inatoka mikavu. Brashi yenye alama ya jani au ya kidole inarudisha uhai huo, kwa sababu ulegevu wa mkono umeshakuwa ndani ya picha.

Sehemu ya wamama

Kazi hii si ya watoto peke yao. Wamama mnaofuma, mnaoshona, mnaosuka nywele na mikeka, ninyi ndio mna alama ambazo hakuna fungu la kununua lenye nazo. Mwiteni binti, mpeni kipande cha mkeka, mwonyesheni jinsi ukindu unavyopita juu na chini. Mshono wa mnyororo wa fundi ukipakwa makala na kugongwa kwenye karatasi unatoa mstari mzuri wa pindo la gauni. Lakini mwangalieni kitu kimoja: maua yaliyochapwa kwenye kitenge cha kiwanda ni kazi ya mchoraji mwingine. Asiyanakili na kuyaita yake. Na brashi iliyonunuliwa na mtu kwa leseni isigawiwe kwa fulashi bila ruhusa.

Tunabaki na neno moja gumu kidogo. Katika nyumba nyingi tunazozijua, umeme ukirudi jioni, mtoto wa kiume anakaa mbele ya kompyuta na binti yuko kwenye mbabula. Bukari ikishaiva na sahani zikishaoshwa, umeme umekwenda tena au kila mtu analala. Hakuna aliyemkataza binti. Saa yake tu haifiki. Kisha darasani tunaona wavulana wakishika panya bila woga, na wasichana wakisimama nyuma wakitazama, na watu wanasema wasichana hawapendi mashine. Hesabu tuliyoifanya hapo juu, michoro 120 kwa sekunde 10, haifanywi na mtu anayepewa dakika tano.

Kwa hiyo tunapendekeza kila nyumba yenye kompyuta iandike ratiba ukutani. Siku tatu za juma kaka apike au aoshe vyombo, dada akae kwenye mashine saa moja nzima. Nyumba isiyo na kompyuta isijihesabu nje. Hatua ya kwanza na ya pili zinafanyika chini ya mti kwenye lupango, na hatua nyingine zinaweza kungoja siku ya kukutana kwenye kompyuta ya kikundi.

Kazi ya juma lijalo kwa kila kikundi: kusanyeni alama 10 za nyumbani kwenye karatasi moja. Chini ya kila alama andikeni imetoka kwenye kitu gani na nani ameigonga. Mzilete kwenye mkutano. Tutazipiga picha pamoja na mabinti, tuzifanye fungu moja la brashi za Buluo, na kila kikundi kitaondoka na nakala yake kwenye fulashi. Juma litakalofuata tutaeleza namna ya kumfanya sungura atembee bila kuteleza chini kama mtu aliyekanyaga sabuni.