Chelezo Kilichobaki Kifungoni

Wapo wanaoamini kwamba kifungo kinachojifungua chenyewe kwa mgandamizo wa maji kinatosha kumwokoa baharia wa mashua ya matanga. Imani hiyo ni ya hatari. Kifungo hicho hukiachia chelezo cha kuokolea maisha chombo kikizama, kwa kawaida kati ya mita 1.5 na 4. Lakini mashua iliyong'oka mkuku hupinduka, ikaelea. Kina hicho huenda kisifikiwe kamwe!

Mwezi Mei 2014 Cheeki Rafiki, mashua ya Waingereza yenye neno letu katika jina lake, ilikutwa imepinduka katika Atlantiki, chelezo kikiwa bado mahali pake. Mabaharia wote wanne walipotea. Sheria na idai chelezo kiwekwe pale mkono wa baharia utakapokifikia hata mashua ikiwa juu chini.