Barabara ya Malimau Kusini mwa Italia

Kusini mwa Italia, upande wa kusini wa rasi ya Sorrento, iko barabara ya pwani ambayo urefu wake ni kilometa 50 hivi, yaani kama maili 30 tu. Masafa hayo ni madogo kwa mtu mwenye motokaa, lakini asiwepo wa kudhani kwamba atayamaliza upesi. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Mkono mmoja liko jabali, mkono wa pili bahari ya Mediterania iliyo chini kabisa, na kona hufuata kona. Dereva wa basi afikapo kwenye kona kali hupiga honi kwanza, akasikiliza, ndipo apite. Magari mawili yakikutana mahali pembamba, lililo dogo hurudi nyuma polepole mpaka lipate pa kujibanza. Basi msafiri mwenye busara huitengea njia hii siku mbili au tatu, akashuka garini kila apatapo nafasi.

Barabara yenyewe si ya zamani sana. Ilitengenezwa katika karne ya 19, wakati wafalme wa ukoo wa Bourbon walipotawala Napoli na nchi za kusini. Kabla ya hapo watu wa pwani hii walikwenda kwa mashua, au kwa miguu na kwa nyumbu katika vijia vya ngazi za mawe. Ngazi hizo zingaliko, tena ni nyingi mno, kwa maana nyumba zimejengwa juu ya nyumba.

Msafiri atokaye Salerno hufika kwanza Vietri sul Mare, mji wa wafinyanzi, ambako kuta na hata kuba la kanisa vimepambwa kwa vigae vya rangi. Baada ya Vietri yuko Cetara, mji mdogo wa wavuvi. Watu wake hupanga dagaa na chumvi ndani ya mapipa madogo ya mti, wakaweka mawe mazito juu yake, wakaacha kwa miezi mingi. Maji yadondokayo, ambayo rangi yake ni kama ya asali, hutiwa katika tambi, na tone dogo latosha kukoleza sahani nzima. Karibu na bahari husimama minara ya mawe iliyojengwa hasa katika karne ya 16, ili walinzi wapate kuona merikebu za maharamia zikiwa bado mbali na kuwaonya wenyeji.

Mbele kidogo, baina ya Maiori na Minori, mkulima ataona jambo la kumsimamisha. Milima ambayo kwa maumbile yake haifai kulimwa, kwa jinsi ilivyo wima, imekatwa matuta ya ngazi tangu karibu na bahari mpaka juu. Kila tuta limezuiliwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila chokaa wala saruji. Asiyejua huenda akasema kwamba ukuta namna hiyo ni dhaifu, lakini nguvu yake imo katika matundu yake. Mvua inaponyesha, maji hupenya polepole kati ya mawe, na udongo hubaki. Ukuta uliozibwa kabisa ungebeba uzito wa maji yote nyuma yake, hata ukapasuka.

Juu ya matuta hayo hukua milimau. Limau la pwani hii ni refu, lina ganda nene lenye harufu nzuri na mbegu chache, na watu hulikata vipande wakala pamoja na ganda. Miti hupandishwa juu ya dari la nguzo, kisha hufunikwa kwa nyavu wakati wa baridi ili isipigwe na upepo na mvua ya mawe. Trekta haiwezi kufika huko. Zamani wanawake ndio walioteremsha mavuno mpaka pwani, kila mmoja na kapu begani ambalo uzito wake uliweza kupita kilo 50, na wenyeji waliwaita sisimizi wadogo kwa jinsi walivyofuatana katika ngazi. Kijia kimoja walichokipita, kiendacho kutoka Maiori hata Minori, huitwa mpaka leo Njia ya Malimau.

Kuta hizo si pambo la nchi. Mwamba wa milima hiyo ni wa mawe ya chokaa, lakini juu yake yametandazwa majivu yaliyotupwa na mlima wa moto wa Vesuvius. Majivu ndiyo yaliyoleta rutuba, na hayohayo ndiyo yaletayo hatari, kwa kuwa yakilowa sana huteleza juu ya mwamba. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba, 1954, ilinyesha mvua ya milimita 500 na zaidi, yaani inchi 20 hivi, kwa muda usiozidi siku moja. Milima iliporomoka juu ya Salerno, Vietri, Maiori na vijiji vilivyo jirani, na watu zaidi ya 300 walikufa. Tena tarehe 9 Septemba, 2010, kijito kilichofunikwa chini ya njia kuu ya Atrani kilijaa, kikabubujika mpaka barabarani, kikasomba magari hata baharini, na mwanamke kijana akapoteza maisha.

Atrani ikipitwa, Amalfi i mbele ya macho. Leo ni mji mdogo, wala mgeni hawezi kukisia kwamba katika karne ya 10 na ya 11 merikebu zake zilifanya biashara na Misri na Konstantinopoli. Milango ya shaba nyeusi ya kanisa lake kuu ililetwa kutoka Konstantinopoli katika karne ya 11. Dhoruba ya Novemba 1343 iliharibu sehemu kubwa ya bandari yake. Bondeni nyuma ya mji watu walitengeneza karatasi kwa matambara yaliyopondwa kwa nguvu za maji ya mto, na kazi hiyo haijakufa kabisa. Kutoka hapo barabara huendelea kupitia Furore, ambako daraja limevuka ufa mwembamba wa mlima, mpaka Positano, mji ambao nyumba zake zimeangikwa mlimani kama mizinga ya nyuki mtini.

Sasa liko shauri zito katika pwani hii nzuri. Mwaka 1997 UNESCO iliiandika miongoni mwa urithi wa dunia, na sababu moja ilikuwa jinsi watu walivyogeuza milima migumu kuwa mashamba. Wageni huja kwa wingi kutazama matuta hayo, hata kuanzia mwaka 2022 ikawekwa amri kwamba, katika siku za msongamano mkubwa, magari ya wageni yapite kwa zamu kufuata namba zake, shufwa siku moja na witiri siku nyingine. Lakini fedha za wageni hubaki zaidi hotelini kuliko shambani. Kijana apataye mshahara kwa kubeba sahani mezani haoni faida ya kubeba makapu ya malimau mlimani, na shamba la babake ni dogo tena la gharama. Hivyo wazee hufa, na matuta mengine huachwa. Jiwe moja likianguka pasiwe na mtu wa kulirudisha, la pili hulifuata; mtaro huziba, maji hutafuta njia yao wenyewe, na tuta la juu huliangukia la chini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; huko asiyeziba ufa huenda akakosa na mahali pa kuujenga.

Hata hivyo kazi haijaachwa na wote. Tangu mwaka 2001 limau la pwani ya Amalfi limepewa alama ya sheria inayolinda jina lake, ili mkulima apate bei ya haki zaidi. Mwaka 2018 ufundi wa kujenga kwa mawe makavu, wa Italia na wa nchi nyingine saba za Ulaya, ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya mambo ya kuhifadhiwa. Alama na orodha ni msaada, ila haziinui jiwe. Msafiri aendaye polepole aweza kusaidia kidogo kwa kununua malimau yake kwa mkulima mwenyewe, na kwa kutembea katika ngazi ambazo zisipokanyagwa huota majani. Lililobaki ni la wenyeji: kuamua kama kazi ya kupanga mawe italipwa kama ilipwavyo kazi ya kuwapokea wageni wanaokuja kuyatazama.