Mwenye Nyumba Asaidiwe Kabla ya Masika

Kila masika, maji ya mvua huteremka kutoka vilima vya Pugu, hufuata bonde la Mto Msimbazi na kupita Jangwani kabla ya kuingia baharini. Njiani hubeba taka za mitaroni, mafuta machafu ya gereji na, lililo hatari zaidi, kinyesi cha vyoo vilivyofunguliwa makusudi ili mvua ivisafishe. Desturi hiyo ya kutapisha vyoo inafahamika kwa wakazi wa mabondeni na hukemewa na viongozi mwaka hata mwaka. Hata hivyo, haijakoma.

Haijakoma kwa sababu karipio halitoi kinyesi shimoni. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Nyumba nyingi hutegemea choo cha shimo. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya vichochoro vya Tandale au Manzese, na hata linapofika, gharama yake humlemea mwenye kipato kidogo. Mvua haimdai hata shilingi. Anachofanya ni kosa, tena kosa linaloua. Lakini faini pekee humfundisha kungoja usiku wa manane.

Gharama ya kosa hilo hulipwa zahanati. Mlipuko wa kipindupindu uliozuka jijini mwezi Agosti 2015 ulienea mikoani na kuwapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Bakteria wa ugonjwa huo husafiri katika maji yenye kinyesi. Mafuriko yakiingia kisimani, familia yenye choo safi huugua sawa na ile iliyotapisha. Maji hayatambui mpaka wa kiwanja.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaohoji kwa nini fedha za umma zitumike katika uwanja wa mtu binafsi. Uchafu ukishavuka ukuta, si wa mtu binafsi tena. Na umma utalipa tu, ama kwa shimo lililonyonywa kabla ya mvua, ama kwa dripu, vitanda na maziko baada yake.

Miji mingine imelitambua hilo. Huko Portland, Marekani, maji ya mapaa yalikuwa yakiingia katika bomba moja na majitaka, na kila mvua kubwa iliponyesha bomba lilifurika katika Mto Willamette. Kuanzia mwaka 1993 hadi 2011, jiji liliwaomba wenye nyumba waelekeze maji ya mapaa yao kwenye bustani zao. Aliyeifanya kazi hiyo mwenyewe alilipwa dola 53 kwa kila bomba la paa. Asiyeweza alifanyiwa bure, na vikundi vya kijamii vilivyoifanya vililipwa pia. Mabomba zaidi ya 50,000 yaliondolewa katika mfumo huo, na zaidi ya lita bilioni 4 za maji kwa mwaka zikaepushwa. Dar es Salaam si Portland, lakini kanuni ni ileile: mwenye nyumba hubadilika upesi anapoonyeshwa njia na kupunguziwa gharama.

Nyenzo za kuanzia zipo. Pampu za mkono za kunyonya vyoo visivyofikiwa na gari zimekwisha kutumika Temeke. Kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walichora ramani za mitaro ya mitaa yao. Kinachohitajika ni serikali za mitaa kuviunganisha hivi kabla ya Machi: kukagua vyoo nyumba kwa nyumba, kuorodhesha vilivyojaa, kuvinyonya kwa pamoja ili bei ishuke, na kuwachangia wasiojiweza. Maji ya paa nayo yaelekezwe kwenye tangi badala ya kumwagika chooni. Tangi hilo lifunikwe vyema, kwa kuwa mbu aenezaye dengue, iliyolitikisa jiji mwaka 2014 na 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama.

Msaada huu usiwe ngao ya mwenye uwezo. Katika nyumba nyingi, anayeugua ni mpangaji, ilhali anayeamua kuhusu choo ni mwenye nyumba anayeishi kwingine na kupokea kodi kila mwezi. Huyo hahitaji ruzuku. Asimamiwe kwa sheria bila kuonewa haya.

Wahudumu wa afya wana nafasi yao. Mgonjwa wa kuhara anapopokelewa, baada ya kuokolewa maisha yake, aulizwe maji yake hutoka wapi na choo chake kina hali gani, kisha taarifa imfikie afisa afya wa kata bila kumwaibisha mgonjwa. Naye mgonjwa, awe mpangaji au mwenye nyumba, asione haya kusema kwamba shimo limejaa. Shimo lililotajwa mapema hunyonywa. Lililofichwa litafunguliwa mvua itakaponyesha.