Ngoja Ngoja ya Virginia

Wako waandishi wanaoisimulia habari ya shule za Marekani kama utenzi wenye mwisho mwema: tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba, na tangu hapo haki ikatamalaki. Masimulizi hayo ni matamu, lakini si ya kweli. Hukumu ilitoka, milango haikufunguka.

Mwaka 1955 Mahakama hiyo hiyo ilikataa kuweka muda. Iliagiza utengano uondolewe kwa haraka yenye tafakuri. Waliodai haki walisikia haraka. Walioichukia walisikia tafakuri, nao ndio waliokuwa na funguo za madarasa.

Ushahidi upo katika wilaya ya Prince Edward, Virginia. Huko, Aprili 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wanafunzi wenziwe kuigomea shule iliyofurika hata wengine wakasomea katika vibanda vya karatasi za lami. Kesi yao ilikuwa mojawapo ya tano zilizozaa hukumu ya 1954. Ilipoamriwa mwaka 1959 kwamba watoto wasome pamoja, wakuu wa wilaya hawakushika marungu. Waliketi kikaoni, wakakataa kutenga fedha, na shule zote za umma zikafungwa. Watoto weupe walifunguliwa shule ya binafsi. Weusi wengi hawakuketi darasani hadi 1963, zilipoanzishwa shule za msaada. Na za umma hazikufunguliwa mpaka 1964.

Dunia huukumbuka umati uliowazomea wanafunzi 9 mjini Little Rock mwaka 1957, kwa kuwa zomeazomea hupigwa picha. Kikao chenye adabu hakipigwi picha, ilhali ndicho kilichowanyima watoto miaka yao. Mwaka 2004 Virginia ilianzisha mfuko wa kuwasomesha walionyimwa. Mtoto wa miaka 7 wa 1959 alikwisha kuwa mtu wa miaka 52.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye shibe huikariri ya kwanza na kujidai ana hekima. Amwambiaye mtoto asubiri shule hamfundishi subira. Anamwibia utoto, nao haulipwi kwa mfuko wowote.