Waya wa pia ya goti usikose stoo

Abiria wa bodaboda akirushwa kwenye lami ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, hapo karibu na Makongeni, goti ndilo huweza kutangulia kugonga. Pia ya goti ikipasuka na vipande vikaachana, msuli wa paja huvuta kipande cha juu, nacho cha chini hubaki kimeshikwa na kano ishukayo kwenye muundi. Mwombe majeruhi alale chali ainue mguu ukiwa umenyooka: paja litatetemeka, kisigino hakitabanduka kitandani. Plasta inatosha pale ambapo vipande vimekaa mahali pake na mguu bado unainuka. Vikishaachana, dawa ni upasuaji, na ninashikilia kwamba kila hospitali ya umma inayopokea majeruhi wa Eastlands iwe na waya na pini za kazi hiyo stoo siku zote, ili jamaa wa mgonjwa wasiachiwe kazi ya kuchangisha pesa za vyuma.

Mbinu yenyewe ni ya werevu mkubwa. Daktari hupitisha pini mbili nyembamba kutoka juu ya pia hadi chini, kisha hufunga waya juu ya uso wake wa mbele, mara nyingi kwa umbo la nane. Goti likikunjwa, waya hukataa kutanuka, na nguvu ileile iliyokuwa ikitenganisha vipande huanza kuvibana upande wa ndani wa kiungo. Hivyo mgonjwa huanza kukunja goti mapema, kabla halijakakamaa. Kufunga mfupa huu kwa waya si jambo la jana: daktari mpasuaji Joseph Lister alitumia waya wa fedha mjini London mwaka 1877.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba pini husogea na ncha zake huchoma ngozi, maana mbele ya goti hakuna nyama ya kuzifunika, hata wagonjwa wengine hurudishwa kupasuliwa ili zitolewe. Ni kweli, na ni hoja nzito. Skrubu zenye tundu, waya ukipitishwa ndani yake, hushika imara zaidi, na pia iliyosagika huenda ikahitaji bamba. Fedha zikiwepo, navyo vinunuliwe. Lakini skrubu inayofika wiki ya tatu hukuta msuli umeshajikunyata na vipande ni vigumu kurudishana; waya uliopo leo unamfaa mgonjwa kuliko chuma bora kinachosubiriwa. Gharama ya kuutoa baadaye ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya tiba, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, iilipe hivyo. Ilipe na tibamaungo vilevile. Mazoezi hayo yatolewe kwenye kituo cha afya cha mtaani, mtu wa Makongeni asilazimike kupanda matatu na magongo yake kila wiki.